Jinsi ya kuhakiki sarafu ya zamani ya fedha ya Uingereza: mwongozo kamili

Anayeshika sarafu kongwe ya Uingereza ana maswali mawili mkononi, na makosa mengi huanzia pale anapoyafanya kuwa moja. La kwanza: je, haya ni madini ya fedha kweli? La pili: je, kweli imetoka Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, katika mwaka ulioandikwa juu yake? Krauni (sarafu ya shilingi 5) ya 1951 iliyo halisi kabisa haina fedha hata chembe. Nusu krauni ya 1905 nayo inaweza kuwa fedha tupu na bado ikawa ya kughushi, maana mwaka ule zilitolewa 166,008 tu, na wakusanyaji huilipia mara nyingi zaidi ya thamani ya madini yake. Mghushi wa sarafu kama hiyo hapati hasara kwa kutumia fedha ya kweli. Mizani, sumaku na maji hujibu swali la kwanza. La pili hujibiwa na tarehe, ukingo na jicho lililozoea, na ndilo gumu zaidi.

Mwongozo huu ni wa sarafu za 1816 hadi 1946. Za kabla ya hapo, hasa zile zilizopigwa kwa nyundo, hazina uzito wala umbo la kutegemewa kwa namna hii.

Vifaa

Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 na inayobeba angalau gramu 200. Ile ya jikoni inayosoma gramu 1 haifai hapa. Ongeza kalipa ya kupimia upana, lenzi ya sonara inayokuza mara 10, sumaku yenye nguvu ya neodimiamu, taa yenye shingo inayopindika, kikombe chepesi cha plastiki na uzi mwembamba wa nailoni. Chini ya sarafu tandika kitambaa laini, kwani krauni ikianguka sakafuni na kupata pengo ukingoni, thamani yake imeshuka hata kama ni halisi.

Usiisafishe. Usiisugue kwa majivu, dawa ya meno wala dawa ya kung'arishia vyombo. Weusi wa juu ni sehemu ya ushahidi, na ukiuondoa umeondoa pia fedha kidogo na bei kubwa.

Hatua ya 1: soma tarehe kabla ya kupima chochote

Hadi 1919, sarafu nyeupe za Uingereza zilikuwa na fedha sehemu 925 kati ya 1,000. Kuanzia 1920 zilishushwa hadi 500 kwa 1,000, nusu fedha na nusu metali nyingine: shaba, na katika vipindi tofauti nikeli na zinki. Kuanzia 1947 fedha iliondolewa kabisa, ikawa shaba na nikeli. Kilichobaki na fedha ni sarafu ndogo za Maundy, yaani sadaka ya kifalme ya Alhamisi kabla ya Pasaka, ambazo zilirudishwa kwenye 925 mwaka huohuo wa 1947. Kwa hiyo krauni za 1951, 1960 na ile ya Churchill ya 1965 si fedha, hata muuzaji akiapa. Hizo si bandia. Ni sarafu halali zilizotengenezwa kwa metali ya bei ndogo.

Kisha uliza kama mwaka huo sarafu ya aina hiyo ilitolewa kweli. Hapa ndipo ghushi nyingi za kisasa zinapofia, kwa sababu anayezitengeneza hubadilisha tarakimu bila kujua historia. Krauni ya Edward VII ni ya 1902 peke yake. Krauni za matumizi zenye sura ya Victoria kijana ni za 1844, 1845 na 1847. Baada ya hapo krauni ya kawaida haikurudi hadi Jubilei ya 1887, yaani miaka 50 ya utawala wake, na za Victoria zinaishia 1900. William IV hakuwa na krauni ya matumizi ya kawaida. George V hana krauni hadi 1927. Nusu krauni za Victoria nazo zilisimama baada ya 1850 zikarejea 1874, na katikati palikuwa na chache tu za maonyesho. Ukikuta nusu krauni iliyochakaa kwa matumizi ya miaka mingi, nayo imeandikwa mwaka wa katikati ya hiyo, tahadhari mara moja.

Florini (shilingi 2) nayo ina mtego wake. Ilianza 1849, na zile za mtindo wa Kigothi, zilizotolewa kuanzia 1851 hadi 1887, huandika mwaka kwa tarakimu za Kirumi, kwa herufi za Kigothi, mwishoni mwa maandishi yanayozunguka kichwa. Kutoona tarakimu za kawaida si dalili ya ughushi. Vivyo hivyo kwa shilingi za George VI: kuanzia 1937 zilitoka za aina mbili kila mwaka, simba wa Uingereza aliyesimama juu ya taji, na simba wa Uskoti aliyeketi akishika upanga na fimbo. Zote mbili ni sahihi.

Hatua ya 2: uzito na upana

Sheria ya 1816 iliamuru ratili moja ya troi ya fedha ikatwe shilingi 66. Uzito wa sarafu zote ulitokana na hesabu hiyo, na haukubadilika hata fedha ilipopunguzwa 1920:

- Krauni (shilingi 5): gramu 28.28, upana milimita 38.6
- Florini mbili (1887 hadi 1890 tu): gramu 22.62, milimita 36
- Nusu krauni (shilingi 2 na peni 6): gramu 14.14, milimita 32.3
- Florini (shilingi 2): gramu 11.31, milimita 28.5, nyingi za Kigothi ni pana zaidi, milimita 30
- Shilingi: gramu 5.66, milimita 23.6
- Peni sita: gramu 2.83, milimita 19.3
- Peni tatu: gramu 1.41, milimita 16

Sarafu iliyotumika hupungua. Krauni iliyochakaa kiasi hupoteza asilimia 1 au 2, lakini shilingi ya Victoria iliyopita mikono mingi inaweza kushuka hadi gramu 5.2 na bado ikawa njema. Linganisha uzito na uchakavu. Nywele zikiwa bado zimechongoka na herufi kali, halafu mizani ikasoma gramu 26 kwa krauni, hapo hakuna kisingizio. Uzito unaozidi kiwango ni dalili mbaya zaidi, kwa sababu kutumika hakuongezi metali. Ikizidi kwa zaidi ya gramu 0.1 au 0.2 kwa krauni, tafuta sababu: huenda kuna mabaki ya risasi ya kulehemu kutoka enzi ilipokuwa bruchi au kidani. Angalia ukingo juu ya kichwa cha mfalme, ndipo kitanzi hulehemewa.

Upana pima mara tatu, kila mara ukiigeuza kidogo. Sarafu ya kumiminwa kwenye kalibu husinyaa ikipoa, hivyo huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, milimita 38.0 au pungufu badala ya 38.6. Pima na unene. Shaba ni nyepesi kuliko fedha, kwa hiyo mghushi anayetaka krauni ya shaba iliyochovywa fedha itimize gramu 28.28 kwa upana uleule hana budi kuifanya iwe nene kwa takriban asilimia 15 zaidi. Akiacha unene sahihi, uzito utapungua. Hawezi kukwepa vyote viwili.

Hatua ya 3: sumaku

Fedha haivutwi na sumaku. Sarafu ikinata, ina chuma au nikeli tupu, na kazi imeisha. Isiponata, umejifunza kidogo sana, kwa kuwa shaba, shaba nyeupe, risasi na hata ile shaba ya nikeli ya 1947 nazo hazinati. Wengine huinamisha sarafu na kuangalia sumaku ikiteleza polepole juu yake. Ni kweli hutokea juu ya fedha, lakini hutokea pia juu ya shaba. Kipimo cha kuweka kipande cha barafu juu ya sarafu ili kuona kama kitayeyuka haraka kina udhaifu huohuo.

Hatua ya 4: kupima msongamano kwa maji

Hiki ndicho kipimo bora cha nyumbani, na hakidhuru sarafu.

Chemsha maji uyaache yapoe hadi joto la chumba, ili hewa itoke. Jaza kikombe zaidi ya nusu, weka tone moja la sabuni ya vyombo ili maji yasishike uzi, kisha kiweke juu ya mizani na urudishe usomaji kwenye sifuri. Pima sarafu ikiwa kavu na uandike uzito. Ifunge kwa uzi wa nailoni, ishushe majini hadi izame yote, ila isiguse chini wala pembeni. Usiushikilie uzi kwa mkono unaotetemeka. Ufunge kwenye kijiti kilicholazwa juu ya vitabu viwili kando ya mizani. Namba utakayoisoma sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Mfano: krauni ya gramu 28.20 ikisukuma gramu 2.72 za maji, msongamano ni 10.37. Fedha ya 925 ni takriban 10.36, kwa hiyo inakubalika. Fedha ya 500 huangukia kati ya 9.5 na 9.7 kutegemea mchanganyiko wa mwaka wake. Shaba ya nikeli ni 8.9, shaba tupu 8.96, shaba ya njano 8.4 hadi 8.7, bati na jamii yake kama 7.3. Kwa maneno ya mizani, krauni nzima ya 925 husukuma gramu 2.73, na ya shaba ya nikeli gramu 3.18. Tofauti hiyo haifichiki.

Kosa la kawaida ni kipovu cha hewa kilichojibanza kwenye meno ya ukingo au chini ya kidevu cha mfalme. Kipovu chenye ujazo wa sentimita 0.05 za ujazo tu hushusha krauni njema kutoka 10.36 hadi 10.17. Itikise taratibu ndani ya maji, iinue, ishushe tena, na rudia mara tatu hadi namba zifanane. Kwa sarafu ndogo usijiamini mno: shilingi husukuma gramu 0.55 tu, na mizani ikiyumba kwa 0.01 jibu linacheza kati ya 10.1 na 10.5. Kwa peni tatu kipimo hiki hakina maana kwa mizani ya aina hii.

Iko namna moja ya kukidanganya. Risasi ina msongamano wa 11.34, na ikichanganywa na bati kwa kiasi kinachofaa inaweza kukaribia 10.36. Lakini sarafu hiyo ni laini, ina rangi ya kijivu, na haina mlio. Ndiyo sababu mlio bado una kazi. Iweke juu ya ncha ya kidole, iguse ukingoni kwa kalamu ya mbao: fedha ya 925 hutoa sauti nyembamba inayodumu, ya 500 hudumu kidogo tu, na risasi hufa papo hapo. Kumbuka kwamba sarafu halisi yenye ufa, au iliyowahi kulehemewa, nayo huwa bubu. Sauti mbaya ni sababu ya kuchunguza zaidi, haitoshi kuhukumu.

Hatua ya 5: ukingo, kisha igeuze

Mghushi hujitahidi kwenye sura mbili akasahau ukingo. Nusu krauni, florini, shilingi na peni sita zina meno yaliyonyooka, yaliyo sawa na yenye kina kimoja kuzunguka pande zote. Peni tatu ya fedha ina ukingo laini. Zungusha sarafu chini ya taa ukitafuta mstari mwembamba unaoizunguka katikati ya ukingo. Mstari huo ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, au mahali ganda mbili zilipogandishwa pamoja. Alama za tupa zinaonyesha mtu alijaribu kuuondoa.

Krauni zina habari zaidi. Za 1887 hadi 1892 zina meno. Za 1893 hadi 1900, na ile ya 1902, zina maandishi yaliyoinuka: DECUS ET TUTAMEN ANNO REGNI, yaani pambo na kinga, katika mwaka fulani wa utawala. Kinga hiyo ilikuwa dhidi ya wezi waliokata kingo za sarafu ili kuiba fedha. Namba ya Kirumi inayofuata lazima ikubaliane na tarehe: krauni ya 1893 inaweza kuwa LVI au LVII, kwa sababu mwaka wa utawala wa Victoria uligeuka mwezi Juni, na ya 1900 ni LXIII au LXIV. Ya 1902 ni II. Krauni ya 1935 ya kawaida ina maandishi yaliyozama, yenye XXV. Krauni ya 1893 yenye meno ya kawaida ukingoni ni ya kutupilia mbali bila kuendelea.

Sasa shika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, kichwa kikiwa wima, na uizungushe kulia au kushoto. Kwa sarafu za mtindo wa Jubilei ya 1887 na kuendelea, upande wa pili unapaswa kuwa wima vilevile. Ukiukuta umepinduka juu chini, kuna tatizo.

Hatua ya 6: lenzi

Weka taa pembeni ili mwanga upite juu ya uso wa sarafu, wala usitoke juu moja kwa moja. Anza na uwanja mtupu nyuma ya kichwa. Sarafu iliyopigwa chapa kwa mashine ina uwanja uliobana na laini. Iliyomiminwa ina vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, au vipele vya duara vilivyoinuka mahali palipokuwa na povu ndani ya kalibu. Kipele kilichoinuka ni kibaya kuliko kishimo, maana kishimo kinaweza kuletwa na kutu au udongo, kipele kimezaliwa na sarafu.

Nenda kwenye herufi. Halisi zina kuta zilizosimama na pembe kali pale zinapokutana na uwanja, hata zikiwa zimelika juu. Za kumiminwa huteremka kama kilima cha mchanga. Tafuta herufi za mchongaji: J.E.B. za Boehm kwenye kifua cha Victoria wa Jubilei, T.B. za Brock chini ya Victoria mwenye shela, B.M. za Mackennal kwenye shingo ya George V. Kwenye sarafu nyingi za bandia herufi hizi ni tope tupu wakati nywele pembeni yake zinaonekana vizuri. Uchakavu wa kweli haufanyi hivyo, huanza na sehemu zilizo juu: shavu, nyusi, nywele juu ya sikio.

Ukiwa na sarafu mbili za mwaka mmoja kutoka kwa muuzaji mmoja, ziweke sambamba. Mkwaruzo uleule, mahali palepale, kwenye zote mbili una maana moja tu: zimetoka kwenye chapa iliyonakiliwa kutoka sarafu iliyokuwa na mkwaruzo huo.

Kwa miaka adimu chunguza tarakimu ya mwisho. Krauni ya George V ya 1934, ile iitwayo ya shada kwa sababu ya shada lililochorwa nyuma yake, ilitolewa 932 tu, ilhali ya 1933 zilikuwa 7,132, na kishawishi cha kubadilisha tarakimu kipo wazi. Tafuta mikwaruzo myembamba kuizunguka tarakimu, rangi tofauti ya uwanja, au mstari wa gundi au lehemu miguuni pake.

Rangi ina onyo lake. Wekundu wa shaba ukichungulia shavuni ni dalili ya sarafu iliyochovywa fedha, lakini hilo ni kweli kwa sarafu za 1919 na kurudi nyuma. Sarafu za fedha ya 500 zilisafishwa kwa asidi kiwandani ili uso wake ubaki na fedha nyingi. Uso huo ukilika, puani na kwenye ndevu za George V hutokea unjano au ukahawia. Shilingi nyingi njema za miaka ya 1920 zimekataliwa kwa kosa hili. Pima maji kwanza.

Ukikutana na peni sita ya 1887 iliyopakwa dhahabu, usishangae. Toleo la kwanza la mwaka huo lilifanana na nusu sovereign, sarafu ya dhahabu, kiasi kwamba walaghai walilichovya dhahabu, na serikali ikabadilisha muundo. Sarafu yenyewe huwa halisi. Nusu sovereign ina gramu 3.99, hiyo itasoma karibu 2.83.

Zinazochanganywa pwani yetu

Sarafu nyingi zenye kichwa cha mfalme zinazotoka kwenye masanduku ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam si za Uingereza yenyewe. Rupia ya India yenye kichwa cha Victoria ina gramu 11.66 na fedha ya 917, hivyo ukiipima kama florini utaiona imezidi na utaidhania mbaya bure. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946, yenye simba na milima, ina gramu 7.8 na robo tu ya fedha. Na ile reale kubwa ya Maria Theresa iliyoandikwa 1780 ina gramu 28.06, karibu sana na krauni, ila ni pana takriban milimita 40 na fedha yake ni 833. Kila moja ipimwe kwa kiwango chake.

Mashine, asidi na wataalamu

Mashine ya eksirei ya wanunuzi wa madini husoma mchanganyiko bila kukwaruza, lakini husoma ngozi ya juu tu. Sarafu ya 1925 inaweza kusomeka 600 au zaidi kwa sababu ya uso ule uliosafishwa, na shaba iliyochovywa fedha nene inaweza kupita. Isomwe pamoja na msongamano. Asidi nayo hukagua uso tu na huacha doa la kudumu. Haina nafasi kwenye sarafu yenye bei ya ukusanyaji.

Kwa sarafu ya thamani kubwa, kama krauni ya Kigothi ya 1847 ambayo zilitolewa 8,000 na ambayo sokoni imejaa nakala zake, gharama ya kuipeleka PCGS au NGC, kampuni zinazohakiki sarafu na kuzifungia kwenye kisanduku, au kwa mfanyabiashara mwanachama wa BNTA, chama cha wauza sarafu huko Uingereza, ni ndogo kuliko kosa. Kisanduku cha plastiki chenye namba nacho hughushiwa, kwa hiyo ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha kwa mikwaruzo, si kwa jina na tarehe pekee.

Unaponunua kwa picha, omba picha ya ukingo na picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, zote kabla ya kulipa, na mkubaliane siku za kuirudisha. Ukiipeleka kwa sonara, mwambie kabla hajaigusa kwamba hutaki ikwaruzwe kwenye jiwe wala kukatwa ukingo, kwani kwa mazoea ya kazi yake mkono wake utaenda kwenye tupa kwanza.